Gari la spoti la zamani kwa dereva kijana: ulinganisho wa njia tatu

Kijana ana leseni mpya mfukoni na gari ameshalichagua: milango miwili, limelala chini, lina umri kumzidi yeye mwenyewe, na bei haizidi ya gari la familia lililotumika. Mzazi amesema hapana kabla picha haijafunguka vizuri kwenye simu. Kijana anajitetea kwamba injini yenyewe ni lita 1.6 tu. Hapo mazungumzo hukwama. Mzazi ana haki ya kuogopa, ila mara nyingi anaogopa kisichostahili kuogopwa kwanza.

Kinachotajwa mwanzo ni kasi. Lakini chukua Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyotoka 1989: farasi wapatao 115, uzito usiofika tani moja, na kilomita 100 kwa saa inazifikia kwa kama sekunde 9. Magari mengi ya kawaida ya leo yanafanya hivyo bila kutoka jasho. Kwa upande mwingine kuna Honda S2000, iliyotoka 1999, yenye farasi wapatao 240 kwenye injini ya lita 2 isiyo na tubo, na Mazda RX-7 ya mwisho yenye injini ya rotari, ile isiyo na pistoni, na tubo mbili. Yote matatu yanaitwa magari ya spoti ya zamani, na ukiyahukumu kwa pamoja utakosea tu, ama kwa kunyima au kwa kuruhusu.

Mimi kinachonisumbua zaidi kwenye magari haya ni umri kuliko spoti. Nitaeleza kwa nini, nikiliweka gari hilo pembeni ya mengine mawili ambayo familia nyingi huishia kuyapima.

Yanayolinganishwa

Njia ya kwanza ni spoti la zamani: gari lililotengenezwa miaka ya 1980, 1990 au mwanzoni mwa 2000, kabla mfumo wa ESC, ule unaolizuia gari lisiserereke, haujawa kitu cha kawaida. Humo wamo MX-5 za mwanzo, Toyota MR2, Porsche 944, Nissan Silvia na 180SX, BMW za milango miwili, na kadhalika.

Njia ya pili ni gari la kawaida la miaka ya karibuni: Toyota Corolla, Mazda3, Honda Civic au mfano wake, la 2012 au baadaye. Hakuna anayelipiga picha.

Njia ya tatu ni ile ya kati, spoti lililozaliwa na ESC. Toyota GT86 na pacha wake Subaru BRZ, vyote vya 2012, vinaingia hapa. Vilevile MX-5 za vizazi vya karibuni, na hachibeki, magari mafupi yenye mlango wa nyuma unaoinuliwa, zenye moto kiasi kama Suzuki Swift Sport au Volkswagen Golf GTI.

Vipimo

Nina vipimo vitano, na havilingani kwa uzito. Cha kwanza: dereva akikosea, gari linajibu vipi? Cha pili: likigonga, aliye ndani amebaki na nini cha kumlinda? Cha tatu: linabeba akina nani? Cha nne: gharama zinazoanza siku ya pili baada ya kununua. Cha tano: linamfundisha nini. Viwili vya kwanza kwangu vinashinda vitatu vilivyobaki hata vikiungana, maana gari likikushinda kulihudumia unaliuza, ila ajali haina pa kuiuzia.

Dereva akikosea

Atakosea. Takwimu za CDC, taasisi ya afya ya umma ya Marekani, zinaonyesha kwamba kwa kila maili inayoendeshwa, vijana wa miaka 16 hadi 19 hupata ajali zenye vifo karibu mara 3 ya madereva wa miaka 20 na kuendelea. Sehemu ya hilo ni ujana, sehemu ni ugeni wa usukani, na ugeni haumpiti hata kijana mtulivu kuliko wote mtaani.

Fuata kosa moja tu, lile ambalo karibu kila mgeni hulifanya. Mvua imenyesha. Kona imekaza kuliko ilivyoonekana kwa mbali, na mwendo umezidi kidogo. Mguu unaruka kutoka kwenye mafuta, pengine unatua kwenye breki. Papo hapo uzito wa gari unahamia mbele: tairi za mbele zinakandamizwa barabarani, za nyuma zinakuwa nyepesi. Kwenye spoti la zamani linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, lenye springi ngumu na usukani mwepesi kuitika, nyuma inaanza kutoka nje ya kona. Dawa ni kuugeuza usukani kufuata upande ule nyuma inakokwenda, mapema na kwa kiasi, kisha kuurudisha mara gari linapokaa. Asiyewahi kufanya hivyo huchelewa. Akishachelewa huzidisha, na akizidisha gari hurudi kwa nguvu na kupiga upande wa pili. Kuanzia mguu ulipoinuka hadi hapo hazijapita sekunde 3.

Magari yenye injini katikati, nyuma ya kiti, huwa na pupa zaidi katika hili. MR2 ya kizazi cha pili ilijipatia sifa hiyo kiasi kwamba Toyota yenyewe ilirekebisha mfumo wa magurudumu na saizi ya tairi katika matoleo ya baadaye. MX-5 ni mpole zaidi, huonya kabla ya kuteleza, na Porsche 944, yenye injini mbele na giaboksi nyuma, imegawanya uzito wake vizuri kuliko wengi. Kwa hiyo ndani ya kundi hili moja kuna wapole na wakorofi, na nguvu ya injini si njia nzuri ya kuwatofautisha. Majimbo kadhaa ya Australia hukataza dereva mwenye leseni ya majaribio kuendesha gari lenye zaidi ya kilowati 130 kwa kila tani ya uzito; Italia nayo humwekea dereva mpya kikomo cha nguvu. Ni sheria zenye maana, ila zinapima injini tu. MX-5 ya kwanza iko karibu na kilowati 90 kwa tani na inapita bila wasiwasi, na bado kwenye kona ile ya mvua dereva wake yuko peke yake.

Nasema yuko peke yake kwa sababu ya ESC. Mfumo huu unasoma usukani umeelekea wapi na gari limeelekea wapi. Viwili hivyo vikihitilafiana, unafunga breki ya gurudumu moja na kupunguza nguvu ya injini kabla dereva hajatambua kuna tatizo. Uliingia sokoni 1995 kwenye Mercedes-Benz za S-Class, kazi iliyofanywa pamoja na Bosch. Marekani iliulazimisha kwa magari yote madogo kuanzia modeli za 2012, na Umoja wa Ulaya kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. IIHS, taasisi ya usalama barabarani inayogharamiwa na kampuni za bima za Marekani, inakadiria kwamba unapunguza kwa karibu nusu hatari ya kufa katika ajali ya gari moja, yaani zile ambazo gari linaacha barabara lenyewe bila kugongana na mwenzake. Hizo ndizo ajali za kona yetu.

Gari la kawaida kwenye kona hiyohiyo linafanya kitu cha kuchosha kabisa. Linaendeshwa na magurudumu ya mbele, hivyo likizidiwa pua yake huteleza kwenda nje. Dereva akiinua mguu kwa hofu, mwendo unapungua, tairi za mbele zinashika tena, gari linarudi njiani. Yaani kosa lake na dawa yake ni kitendo kimoja. ESC iko nyuma yake kama bado hapatoshi. Tahadhari moja: yapo magari ya milango minne yenye injini za silinda 6 na nguvu zinazoizidi MX-5 mara mbili, kwa hiyo upole wa sura usikufumbe macho.

La kati linakaa pale jina linaposema. GT86 ina farasi wapatao 200, inaendeshwa na magurudumu ya nyuma, na ilitengenezwa makusudi iteleze kidogo kwa raha ya dereva. Lakini ESC ipo, na ikiwa imewashwa humkamata mgeni kabla hajafika mbali. Shida ni kwamba kuna kitufe cha kuizima. Hachibeki za spoti huendeshwa na magurudumu ya mbele, na kwa kipimo hiki peke yake ziko karibu zaidi na Corolla kuliko na GT86.

Likigonga

Mwaka 2009, IIHS ilipotimiza miaka 50, iliyagonganisha uso kwa uso Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja kwa kilomita 64 kwa saa. Chumba cha dereva cha Bel Air kilikunjamana. Sanamu ya majaribio iliyokaa ndani yake kama dereva ilipata majeraha ambayo binadamu asingepona. Ya kwenye Malibu iliumia mguu. Miaka 50 ni mingi, najua, na gari la 1992 si la 1959. Lakini mwelekeo ni uleule. Euro NCAP, mpango wa Ulaya unaogongesha magari mapya na kuyapa nyota, ilitoa matokeo yake ya kwanza 1997, na ni baada ya hapo ndipo viwanda vya Ulaya vilipoanza kushindania nyota za usalama mbele ya wateja. Gari lililochorwa kabla ya hapo halikuwahi kufikiria mtihani huo.

Spoti la zamani huwa na mikanda mizuri, pengine mfuko wa hewa mmoja au miwili ya mbele, na mara chache sana wa pembeni. Milango yake ni myembamba. Likiwa la paa la turubai, likipinduka hakuna kitu juu ya kichwa isipokuwa fremu ya kioo cha mbele na chuma cha nyuma ya viti kama kipo. Halafu kuna uzito. Orodha ya magari yaliyotumika ambayo IIHS na Consumer Reports, jarida la Marekani la kupima bidhaa, hupendekeza kwa vijana huyaacha nje magari yenye nguvu nyingi, na pia yale yaliyo chini ya takriban kilo 1,250, kwa sababu wakigongana mwepesi na mzito, mwepesi ndiye anayerudishwa nyuma. MX-5 ya zamani iko karibu kilo 250 chini ya mstari huo. Hata ile ya mwaka huu ni nyepesi mno kwa kigezo hicho, kwa hiyo la kati nalo halitoki salama kabisa hapa, ingawa lina mifuko ya hewa ya pembeni na bodi iliyochorwa kwa kompyuta.

La kawaida linashinda kipimo hiki, sina namna ya kulipamba hilo.

Umri una hila nyingine. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ilirudishwa viwandani kwa makumi ya mamilioni baada ya kugundulika kwamba baruti yake, ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu, inaweza kulipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Viwanda vingi viliitumia, na magari ya mwanzoni mwa 2000 ndiyo yaliyo hatarini zaidi. Namba ya chasisi ikiingizwa kwenye tovuti ya kiwanda huonyesha kama gari lako liliitwa kurudishwa na kama lilirekebishwa. Na kama mwenye gari wa zamani alibadilisha usukani akaweka ule mdogo wa mashindano, mfuko wa dereva umeondoka nao. Hili hutokea sana kwenye magari ya spoti, karibu halitokei kwenye Corolla.

Abiria

Hapa spoti la zamani linapata pointi ambayo wazazi wengi hawaihesabu. Utafiti wa 2012 wa AAA Foundation, taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, ulionyesha kwamba hatari ya kifo kwa dereva wa miaka 16 au 17 hupanda kwa asilimia 44 akibeba mwenzake mmoja wa chini ya miaka 21 bila mtu mzima ndani. Wakiwa wawili hatari huwa mara mbili, na watatu au zaidi mara nne. MX-5 ina viti viwili. Hakuna ubishi saa nne usiku kuhusu nani wa kubanana nyuma, kwa sababu nyuma haipo.

Corolla, yenye alama zote nzuri za juu, inabeba wanne pamoja na muziki wao. Ndiyo maana nchi nyingi zinazotoa leseni kwa hatua, utaratibu ambao New Zealand iliuanza 1987, humzuia dereva mpya kubeba rika lake na kuendesha usiku kwa miezi ya mwanzo. Kama nchi yako haina sheria hiyo, familia inaweza kuiweka. GT86 ina viti vya nyuma ambavyo watu wazima huvikimbia, vijana hawavikimbii.

Gharama za baada ya kununua

Bei ya spoti la zamani hudanganya, kwa kuwa ni bei ya kuingia tu. Bima huja kwanza: umri wa dereva na aina ya gari vyote viwili vinavuta juu, na si ajabu malipo ya mwaka mmoja yakazidi thamani ya gari lenyewe. Piga simu kwa bima kabla ya kwenda kulitazama gari. Mijadala mingi ya familia huishia kwenye simu hiyo.

Kisha huja fundi. Porsche 944 ni nafuu kununua. Mkanda wa taiming ukikatika, pistoni hugonga valvu na injini hufa, kwa hiyo mkanda usio na risiti ya kubadilishwa unahesabiwa kuwa wa leo au kesho. Rotari ya RX-7 inahitaji fundi anayeijua, na wanaoijua ni wachache kila mahali. MX-5 ni rahisi kuliko hao wote: injini yake ni ya kawaida, spea zipo, na mtu mwenye boksi la spana anaweza kufanya mengi mwenyewe. Adui yake ni kutu.

Ila gharama inayouma kijana zaidi ni siku ambazo gari halipo. Spea inasubiriwa wiki mbili, na shule au kazi haisubiri. Familia ikiwa na gari jingine, hilo ni usumbufu mdogo. Kama hili ndilo usafiri wake pekee, gari la miaka 30 litamfukuzisha kazi.

La kawaida: mafuta kidogo, spea kila kona, fundi yeyote. La kati: bima bado iko juu, tairi ni ghali, na mengi yaliyoko sokoni yamepita mikononi mwa vijana wengine waliotangulia kuyachosha.

Linamfundisha nini

Watetezi wa spoti la zamani husema linamfanya kijana awe dereva kweli. Kuna ukweli. Mengi yana gia za mkono, na mikono miwili yenye kazi haishiki simu kirahisi. Gari jepesi lisilo na vifaa vingi humwambia dereva barabara ikoje, kupitia usukani na kiti. Kijana anayebadilisha pedi za breki mwenyewe Jumamosi anajua breki ni nini, na ujuzi huo haumtoki. Pia kuna nchi ambazo ukifanya mtihani kwa gari la otomatiki leseni yako inaishia kwenye otomatiki, kwa hiyo gia za mkono zina faida ya karatasi.

Lakini mwalimu huyu hufundisha kwa adhabu. Kuhisi tairi zinaanza kuteleza ni somo zuri kwenye uwanja mtupu wenye maji, na mwalimu akiwa pembeni. Kwenye barabara yenye lori linalokuja, somo hilo halina marudio. Na kuna hesabu ambayo mwili wa kijana bado haujaijua: kutoka kilomita 50 kwenda 70 kwa saa, nishati ya kugonga karibu inaongezeka maradufu, huku masikioni tofauti ikiwa ndogo tu. Gari la spoti limetengenezwa lifanye 70 ionekane kama raha.

La kawaida linafundisha kuangalia barabara, vioo na watu wengine, mambo ambayo mgeni ndiyo kwanza hana nafasi nayo kichwani. La kati linafundisha yote mawili, mradi kitufe kile kisiguswe.

Ukienda kulitazama la zamani

Anza na tairi, na uchutame kabisa. Ubavuni kuna neno DOT, na mwisho wa mstari kuna tarakimu: 2318 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Ukikuta tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo ni la kabla ya 2000. Usicheke, yapo, hasa kwenye magari yaliyokaa gereji na kutolewa Jumapili, na kashata zake bado ni nzuri kwa macho. Mpira wake umekuwa mgumu kama plastiki ya ndoo na kwenye maji haushiki kitu. Viwanda kadhaa vya tairi vinasema miaka 10 ndiyo mwisho, hata kama halijaisha.

Inua zulia la buti uangalie kama chuma chini yake ni kimoja au kimeunganishwa. Mkunjo wa rangi au mstari wa kuchomelea pale unasimulia ajali ambayo muuzaji ameisahau. Pitisha vidole chini ya mlango, kwenye ukingo wa bodi. Kisha liendeshe polepole kwenye eneo wazi, usukani umekatwa hadi mwisho. Kama gurudumu la nyuma linaruka-ruka na kulia, huenda difu imechomelewa kwa ajili ya michezo ya kuserereka. Silvia, 180SX na BMW za miaka ya 1990 zinakutwa hivyo mara nyingi. Gari la namna hiyo magurudumu yake mawili ya nyuma yanazunguka kwa mwendo mmoja hata kwenye kona, na kwenye mvua halina huruma. Mgeni asipewe, hata bure. Springi zilizokatwa ili gari lishuke ni sababu nyingine ya kurudi nyumbani.

Mafuta ya breki nayo hunywa unyevu wa hewani. Yakikaa miaka yanachemka breki zikitumiwa sana, na pedeli inazama. Hesabu kuyabadilisha siku ya kwanza, haijalishi muuzaji anasema nini.

Kwa la kati, kagua taa ya ESC. Ukiwasha swichi kabla ya injini, picha ya gari lenye mistari ya kuserereka iwake kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameichomoa. Majina hutofautiana: Toyota huita VSC, Mazda DSC, Honda VSA, Volkswagen ESP. Ni kitu kimoja.

Kwa hali yako

Kama gari litakuwa usafiri wa kila siku, njia ina barabara kuu, mvua au giza, na kijana ndiyo kwanza ameanza, njia ya pili ndiyo inayomfaa. Ukitaka kumridhisha kidogo, mtafutie Mazda3 au Civic yenye gia za mkono. Zina usukani mzuri kuliko sifa zake.

Kama kijana ana mwaka mmoja au miwili ya kuendesha bila tukio, anapenda magari kwa dhati na anaweza kubeba bima, la kati linastahili kufikiriwa. Anza na hachibeki ya magurudumu ya mbele kabla ya GT86. Kubalianeni kuhusu kitufe cha ESC kabla ya funguo kukabidhiwa, na mzazi aliendeshe mwenyewe mara moja moja.

Spoti la zamani linamfaa kijana wa aina mahususi: anayetaka kulifungua na kulifunga kuliko kulikimbiza, mwenye gari jingine la kumpeleka shule, aliye karibu na mtu mzima anayejua mafuta na spana. Hapo litafutwe la upole na la asili, lisilobadilishwa: MX-5 ya lita 1.6, au Toyota Celica ya magurudumu ya mbele ya baada ya 1985. Liandikwe kwa jina la mzazi, litembee mchana na pakavu, miaka ya mwanzo. MR2, S2000 na RX-7 zisubiri.

Kama tatizo ni pesa tu, na spoti la zamani limeingia kwenye orodha kwa sababu ni la bei rahisi, litoe. Kwa kiasi hicho gari la kawaida lenye ESC linapatikana, pengine na kilomita nyingi na kiti kilichochanika.

Na kama ameshalinunua kwa akiba yake mwenyewe na limepaki nje, ugomvi hauna kazi tena. Pesa ya kwanza iende kwenye tairi nne mpya za aina moja, ya pili kwenye mafuta ya breki, pedi na mikanda ya viti. Mtafutie siku moja ya mafunzo ya kuserereka kwenye uwanja uliofungwa, gari hilohilo, mwalimu pembeni. Kiti cha abiria kibaki kitupu miezi sita ya kwanza, isipokuwa wewe ukiwa ndani yake.